Anayeomba Kura Chuoni Anaomba Nini?

Kila mwaka huja wiki chache ambazo vyuo vikuu vyetu havizungumzi jengine. Kuta hujaa picha za vijana waliovaa makoti ya kuazima, mabweni hayalali, na mwanafunzi ambaye muhula uliopita hakuthubutu kuuliza suali darasani husimama mbele ya mamia ya wenzake akawaahidi maji, mikopo na heshima. Huo ndio uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Wananchi wengi, na baadhi ya maofisa wetu, huutazama kama wautazamavyo mpira wa mchangani: kelele nyingi, kombe dogo. Sisi hatuuoni hivyo. Wapo vijana wa Unguja na Pemba ambao kila mwaka hupiga moyo konde wakaenda kuchukua fomu, na wapo pia wakubwa, wa Chama na wa Serikali, ambao kila mwaka hujitayarisha kuwachagulia wanafunzi kiongozi wao. Makundi mawili hayo yote tunayo maneno nayo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Hapa Visiwani ukisema "chuoni," mtu mzima hafikirii chuo kikuu; anafikiria mkeka, juzuu na bakora ya mwalimu. Katika chuo hicho tulipita, na ndani yake mlikuwa na uongozi wake: mwanafunzi mkubwa aliyekwisha kufika mbali katika msahafu alikaa na wadogo akawasikiliza aya zao pale mwalimu alipotoka. Hakuiomba kazi hiyo, wala wadogo hawakuulizwa. Tulipoingia skuli za Serikali tukawakuta monita na kiranja, na hao nao waliwekwa na walimu na walimjibia mwalimu mkuu. Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa mbaya. Ulitufundisha adabu na kuchunga saa. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wetu hufika umri wa miaka ishirini akiwa ameujua uongozi unaoshuka tu. Chuo kikuu ndipo mahali pa kwanza anapoambiwa: nenda ukawaombe walio sawa nawe, na wakikukataa hapana mwalimu wa kukukingia kifua.

Kwa hiyo kijana aliyelelewa vyema huanza kwa kujiuliza kama kuomba kwenyewe kunafaa. Wazee humkumbusha habari ya Abdurrahman bin Samura, ambaye Mtume (S.A.W.) alimuusia asiutake uongozi, kwa kuwa mwenye kupewa kwa kuutaka huachiwa aubebe peke yake, na mwenye kupewa bila ya kuutaka husaidiwa. Ni usia mzito, na hatuna haki ya kuupunguza hata chembe. Lakini katika Kurani tunayoisoma tangu utotoni imo pia habari ya Nabii Yusuf, aliyetoka gerezani akamwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akatoa na sababu: kwamba yeye ni mtunzaji na kazi hiyo anaijua. Masheikh waliozikutanisha habari mbili hizi wamefahamisha kwamba lililokatazwa ni kuitamani heshima ya cheo, na lililoruhusiwa ni kujitokeza mwenye kuijua kazi pale ambapo akinyamaza watu watadhurika. Mbele ya Yusuf palikuwa na miaka saba ya njaa. Mgombea wa chuo kikuu naye ajiulize mbele yake pana njaa gani, na yeye anajua nini kuhusu ghala.

Kwa upande wa siasa jambo hili halina mbali. Katika ahadi za mwanachama, ambazo Chama kilizirithi kutoka TANU, imo ile isemayo kwamba cheo ni dhamana. Imesomwa mikutanoni mara nyingi mno hata masikio yamekuwa hayaisikii. Dhamana ni mali ya mtu mwengine iliyowekwa kwako, na siku yake ikifika itatakiwa kama ilivyokuwa. Rais wa wanafunzi hushika dhamana hiyo kwa muda wa mwaka mmoja tu, na wenye mali anakula nao meza moja na kupanga nao foleni moja ya maji. Waziri anaweza kukimbilia gari lake. Yeye hana pa kukimbilia.

Mas-ala haya si mapya. Mwaka 1960, kabla ya Uhuru na kabla ya Mapinduzi, vijana wa hapa walianzisha umoja wa wanafunzi wa Zanzibar nzima, na miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Salim Ahmed Salim, aliyekuwa makamu wa rais wa kwanza wa umoja huo. Miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa balozi nchini Misri. Wanaosema kwamba uongozi wa wanafunzi ni mchezo na waitazame njia hiyo.

Lakini habari kubwa zaidi iko Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kidogo cha wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Vijana wa Visiwani walikuwa wachache huko katika miaka ya mwanzo. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, mathalan, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963, akafundisha skuli mpaka 1972, ndipo akapata kwenda Mlimani na kuhitimu mwaka 1975. Kwa hivyo mengi tutakayoyataja yalitendwa na wenzetu wa Bara na wa nchi jirani. Hata hivyo Ukumbi wa Nkrumah, ambamo hotuba zao zilisikika, si mgeni kwetu: katika noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010, Mzee Abeid Amani Karume alikuwa upande mmoja na ukumbi huo upande wa pili. Wangapi walioishika noti ile sokoni Darajani waliigeuza wakajiuliza lile jengo ni la nini?

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa vyuo vyengine, waliandamana mpaka Ikulu wakiwa ndani ya majoho yao. Walikuwa wakipinga sheria ya kuwataka watumikie Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wapo waliobeba bango la kusema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha aliwajibu kwa ghadhabu, akautangaza mshahara wake mwenyewe kupunguzwa kwa asilimia 20, na akawarejesha makwao wanafunzi 393. Haikupita hata miezi minne, Azimio la Arusha likatangazwa.

Tukio hilo husimuliwa aghalabu kama kisa cha vijana watovu wa shukurani. Sisi tunaliona pia kama kisa cha viongozi wa wanafunzi waliowasemea wenye majoho tu. Katika nchi ambayo mkulima wa karafuu na mkulima wa pamba ndio waliowalipia vitanda na vitabu, walisimama Ikulu wakazungumza kuhusu mshahara ambao hawajaanza kuupokea. Kama yuko mgombea leo ambaye ilani yake yote ni posho, habari hii inamhusu.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao pamoja na mengine uliwakataza viongozi kiburi, majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Wanafunzi wa Mlimani waliusoma. Jumuiya yao ya wakati huo, DUSO, ilikuwa ikiongozwa na Symonds Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya, na Julai mwaka huo aliuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi akiulaumu kwa namna unavyoendesha mambo bila ya kuwashirikisha wanafunzi. Jibu alilolipata lilikuwa askari wa kutuliza fujo, waliomchukua pale pale chuoni, akarudishwa kwao Kenya. Wenzake waligoma. Tutazame tofauti: wale wa 1966 waliukataa wito wa Taifa, huyu wa 1971 aliushika waraka wa Chama chenyewe akauliza mbona hautekelezwi. Yule aliyeusoma Mwongozo akaufanyia kazi hakustahili askari, na hatuoni aibu kulisema hilo tukiwa wana-Chama.

Likaja la 1978. Tarehe 5 Machi wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, na zaidi ya 350 wakafukuzwa, ingawa baadaye walirejeshwa. CCM ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na mwezi mmoja kamili. Waliotutangulia katika Chama walifikia uamuzi ambao kwa wakati ule ulionekana kuwa wa hekima: DUSO ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya Umoja wa Vijana wa Chama.

Hapa tunaomba subira ya wasomaji wetu wa Serikalini, kwani ndipo penye shina la maneno yetu. MUWATA haikukosa watu waadilifu. Haikukosa fedha wala ofisi. Ilichokikosa ni kitu kimoja kisichonunuliwa: mwanafunzi wa kawaida hakuiona kuwa ni yake. Aliyetaka uongozi ndani yake alijua kwamba anayepaswa kumridhisha yuko juu, si bwenini, na watu wa namna fulani huvutwa na kazi za namna hiyo. Chama kilidhani kimepata sikio chuoni. Kumbe kilipata mdomo wake wenyewe unaokirudishia sauti. Ndipo katika mwaka 1990, maisha ya chuo yalipozidi kuwa magumu na mabishano juu ya hali ya elimu yakapamba moto, mgomo ulizuka na Serikali ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ikakifunga chuo mwezi Mei. Milango haikufunguliwa tena mpaka mwanzoni mwa 1991. Miaka kumi na miwili ya chombo kilichoshushwa kutoka juu haikuweza kuzuia hata siku moja ya mgomo. Baada ya hapo wanafunzi walipata jumuiya yao wenyewe, DARUSO, ambayo ndiyo waliyonayo hadi leo.

Tumeyasema haya kwa sababu tamaa ile haijafa. Imebadili nguo tu. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, kila chama kimetafuta mguu wa kuutia vyuoni. Chetu kina shirikisho lake la vyuo vikuu, CHADEMA wana CHASO yao, na wengine nao hawakulala. Si vibaya: mwanafunzi ni raia, na nje ya darasa ana haki ya kuvaa kijani au rangi aipendayo. Ubaya huanza pale ambapo ofisi ya chama mjini inaitisha kikao cha usiku kuamua nani awe rais wa wanafunzi, na asubuhi yake gari linapita bwenini likigawa fulana. Mwanachama wetu akigombea, na tunataka wagombee wengi, aombe kura kama mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu anayelala chumba kimoja na mpiga kura wake. Akishinda hivyo, Chama kimepata kiongozi. Akishindishwa, Chama kimepata mdeni.

Na hizo fedha za fulana, soda na matangazo ya simu hutoka wapi? Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo hana uwezo wa kuzitoa mfukoni. Tunakumbuka jinsi sheria ya uchaguzi ilivyoruhusu takrima mwaka 2000, na jinsi Mahkama Kuu ilivyokuja kuifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilikuwa ikifungua mlango wa rushwa. Kijana anayezoeshwa kugawa soda akiwa na miaka ishirini na mbili atakapofika arubaini na mbili atagawa nini?

Hebu sasa tushuke mpaka katika kazi yenyewe, maana wagombea wengi huiomba bila ya kuijua. Tume ya uchaguzi ya wanafunzi hutoa fomu. Mgombea hutafuta wadhamini miongoni mwa wenzake. Katika vyuo vingi huangaliwa pia kama alama zake za masomo zinatosha, sharti ambalo vijana hulilalamikia nasi tunaliunga mkono, kwani anayeanguka mitihani atawatetea vipi wanaosoma? Baada ya kampeni na kura, mshindi huunda serikali yake na hukutana na bunge la wanafunzi lililochaguliwa kutoka katika skuli na vitivo mbalimbali. Majina ni makubwa: rais, waziri mkuu, waziri wa mikopo. Uwezo ni mdogo. Rais huyo hawezi kupunguza ada, hawezi kumwondoa mhadhiri, hawezi kujenga choo. Anachoweza ni kuingia katika ofisi ambazo wenzake hawaingii, kukaa katika vikao vya chuo, na kusema. Basi mtaji wake wote ni maneno yake na ukweli wake. Akienda kwa Mshauri wa Wanafunzi na orodha ya malalamiko aliyoikuta mtandaoni bila ya kuihakikisha, mtaji umekwisha siku hiyo hiyo.

Chukua jambo la mikopo, ambalo ndilo njaa kubwa ya leo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004; sisi Zanzibar tukaunda bodi yetu mwaka 2011. Matokeo yake ni kwamba Mlimani kuna vijana wawili wa Kizanzibari waliotoka skuli moja, wamelala chumba kimoja, mmoja anangoja fedha kutoka Dar es Salaam na mwengine anangoja kutoka Unguja. Siku "bumu" la mmoja linapoingia, mwenzake hula kwa huruma. Kiongozi wa wanafunzi asiyejua tarehe, fomu na ofisi za bodi zote mbili atawafaa nini hao? Kupiga kelele ni rahisi. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi ya Mikopo muda wa saa 72 kutatua matatizo ya fedha za wanafunzi. Waliishia mikononi mwa polisi na kusimamishwa masomo. Yapo ya kuwaambia pande zote. Kwa vijana: kutoa muda wa saa kadhaa ni lugha ya mwenye jeshi, nanyi hamna jeshi. Kwa wakubwa: mwanafunzi aliyekosa fedha ya chakula akimtuma mwenzake kuja kuuliza, huyo aliyetumwa ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001, na mkuu wake ni Rais wa Zanzibar mwenyewe. Kilianza kidogo, kadiri miaka ilivyokwenda kimekusanya chini yake vyuo vilivyokuwa peke yao, Chwaka, Maruhubi, Mbweni na kwengineko, na Pemba kina kampasi ya Mchanga Mdogo. Hili limeupa uchaguzi wa wanafunzi sura ambayo wenzetu wa Mlimani hawaijui. Mgombea aliyezoea wapiga kura wa Tunguu anaotembea nao kutoka darasani lazima pia awatake kura watu walio ng'ambo ya bahari. Mwenye nauli atavuka. Asiye nayo atatuma sauti kwa simu. Na asiyevuka hataujua ukweli wa Mchanga Mdogo: nani hana kitabu, maabara ipi haina maji, basi gani halifiki. Tungependa kuona uongozi wa chuo ukigharimia safari moja ya wagombea wote, ndani ya boti moja, wakaapiana mchana na wakala pamoja usiku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya siku mbili hotelini.

Kuhusu Pemba na Unguja tuseme wazi zaidi. Kuna wagombea ambao kabla ya kuandika ilani huhesabu: wetu wangapi, wao wangapi. Wakienda Bara hesabu hugeuka kuwa ya Visiwani dhidi ya Bara, au ya dini, au ya kanda. Kura zinaweza kupatikana kwa njia hiyo, hatukatai. Lakini atakayechaguliwa kwa kabila la kisiwa chake atajikuta siku ya pili anamtetea mtu wa kisiwa cha pili aliyekosa mkopo, na huyo hatamwamini hata akimletea hundi mkononi. Visiwa hivi vimekwisha kulipa gharama ya mahisabu ya aina hiyo katika chaguzi za watu wazima, na hatuoni kwa nini yapelekwe kusomeshwa chuo kikuu.

Liko la wasichana. Mwaka 1990 huko Mlimani mwanafunzi wa kike alijitoa uhai baada ya kusakamwa na kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wa kiume lililojiita Punch, ambalo kwa miaka lilikuwa likibandika kutani karatasi za kuwachafua watu. Karatasi hizo zimekufa, lakini simu imechukua kazi yake, na binti anayetangaza kugombea hukuta picha yake imezungushwa usiku mmoja ikiwa na maneno ya kumvunjia heshima yeye na wazee wake. Wengi hurudi nyuma hapo. Wengine huambiwa waridhike na nafasi ya pili. Tulimsikia mzee mmoja, mwana-Chama mwenzetu na mtu mwema, akimwambia binti wa ndugu yake: "Mwanangu, kagombee, sikukatazi, lakini chukua umakamu." Binti alimjibu kwa adabu: "Ami, na huyo rais nitakayemsaidia, una hakika ataijua kazi kunishinda?" Mzee alicheka, akainama kutafuta viatu vyake. Nchi ambayo mwaka 2021 ilipata Rais mwanamke, mzaliwa wa Kizimkazi, ingekuwa imeshapata jibu la suali lile. Vyuo vina kanuni za nidhamu. Anayemchafua mgombea aitwe mbele ya kanuni hizo wiki ile ile, si baada ya kura kuhesabiwa.

Kwa wakubwa tunalo ombi la mwisho, na ni la vitendo. Tume za wanafunzi ziachiwe zihesabu kura zao na kuyabandika matokeo kituo kwa kituo. Mshindi asiyependeza atambuliwe siku ile ile kama angalivyotambuliwa anayependeza. Na ile michango ya jumuiya ambayo kila mwanafunzi hutozwa, hesabu yake ibandikwe ubaoni kila muhula, mapato huku na matumizi huku, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweze kuisoma bila ya kumwomba mtu ruhusa. Viongozi wa wanafunzi hupenda kuidai Serikali hesabu, na wanayo haki. Waanze na sanduku lao wenyewe.

Na wewe kijana unayekwenda kuchukua fomu, chukua. Mwaka huo utakupotezea usingizi na pengine alama kidogo za masomo. Siku ya kuapishwa kutakuwa na koti, makofi na picha za kupeleka nyumbani. Kesho yake, kabla hujapata ufunguo wa ofisi, mlango wa chumba chako utagongwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Micheweni, mkononi ana barua ya udahili iliyokunjwa mara nne, jina lake halimo katika orodha ya mikopo, na chakula alichofungiwa na mama yake kimekwisha tangu juzi. Atakuuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.